Mwaka Niliosifiwa kwa Kunenepa

Siku tuliyomzika wifi yangu Elieshi kule Masama, mchungaji alisema sasa tumsikie mmoja wa waliokaa naye miaka mingi, na watu wote wakanigeukia mimi. Nilisimama. Nikasema Elieshi alikuwa mtu wa kazi na mtu wa kanisa, nikaketi. Wajukuu walinisema njia nzima: “Bibi, wewe unayeongea mpaka kuku wanapanda kulala, leo ndiyo umekosa maneno?” Sikuyakosa. Yalikuwa mengi, na mengine si ya kusemwa mbele ya jeneza watu wakiwa wamekalia viti vya kukodi. Kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao tulikuwa tumebaki wawili tunaoujua, yeye na mimi, na sasa nimebaki mimi, na figo zangu nazo, kwa maneno ya daktari, zimechakaa kama kitambaa kilichofuliwa mno. Kwa hiyo naandika kabla kitambaa hakijatoboka. Shule yangu iliishia darasa la pili, msomaji anivumilie nikipita njia ya mbali.

Mwaka wenyewe ni ule nilioolewa, Mwingereza bado yupo, kahawa ina bei na kila mwenye nguvu anataka kuezeka bati. Lakini nikianzia hapo hutanielewa, lazima nirudi nyuma kidogo tu. Nilipokuwa na umri wa kama miaka minane nilishikwa na upele, ule wa kuwasha katikati ya vidole, unajikuna mpaka vidonda vinatoa usaha. Watoto wote wa pale walikuwa nao na wote walipona. Mimi vidonda vilikauka, halafu asubuhi moja nikaamka macho hayafunguki vizuri, uso umejaa. Mkojo ulikuwa wa rangi ya maji yaliyooshea nyama. Hilo la mkojo sikumwambia mtu, nani anatangaza mkojo wake? Uso ndio ulioonekana, na watu waliufurahia. “Huyu mtoto siku hizi anapewa nini?” jirani alimuuliza mama. “Ameumuka kama andazi!” Mama akajivuna, akanivalisha gauni la Jumapili siku isiyo Jumapili. Mpaka tumbo lilipojaa maji na pumzi ikawa fupi ndipo nilipobebwa kwenda hospitali ya misheni. Daktari Mzungu, mzee mwenye mikono baridi, alimwambia mama kupitia kwa mkalimani kwamba figo zangu zimeumia. Babu alipoletewa habari hiyo alicheka sana. “Figo ni za ng'ombe,” alisema, “tunazichoma siku ya kuchinja. Mtoto ana figo gani?”

Nilipona. Uso ulirudi mahali pake, nikacheza, nikachunga mbuzi, nikasahau. Lakini yule daktari alikuwa ameongeza neno, na mama alilibeba kifuani: kwamba ndani mmebaki kovu, na nikiwa mkubwa, hasa nikishika mimba, nirudi mapema waniangalie. Mama alinikumbusha neno hilo siku moja tu, alipokuwa ananisuka kwa ajili ya harusi, na alinikumbusha ili niliache. “Yale ya hospitali usiyapeleke kwa wenzako,” alisema akivuta nywele kwa nguvu.

“Lakini mama, daktari si alisema...”

“Daktari hakuja kukuchumbia. Unataka waseme tumewapa ndama mwenye kilema? Umepona. Tulia nikusuke.”

Basi nikaenda kwa wenzangu na kovu langu, nimetulia.

Nyumba za kwa mume wangu zilikuwa mbili. Ya mbele ilikuwa mpya, ya bati, ina vyumba vitatu na dirisha la kioo ambalo watu walikuja kujitazamia wakitoka kanisani. Humo ndimo nilimolala. Nyuma, ndani kabisa ya migomba, kulikuwa na ile ya zamani ya nyasi, ng'ombe upande mmoja, mafiga upande wa pili, na juu dari ya kuni iliyokuwa nyeusi kwa moshi mpaka inang'aa. Humo ndimo mama mkwe alimotawala. Nasema kutawala kwa sababu hata mchungaji akija alikaribishwa mbele kwenye bati, akinywa chai dakika chache alianza kunusa, akahamia nyuma. Mume wangu, Zakaria, alifanya kazi Moshi mjini kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, alikuja Jumamosi jioni akinuka maganda ya kahawa na kuondoka Jumapili. Juma zima nililala na Elieshi, mdogo wake, ambaye alikuwa hajaolewa bado na alikuwa na mdomo. Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo.

Na desturi ilikuwa kwamba bi harusi hashiki jembe. Miezi ya mwanzo unakaa ndani, unalishwa, unanenepa, na siku ukitoka, watu wanakupima kwa macho kujua umeolewa kwa watu wa namna gani. Ukitoka mwembamba, aibu ni ya mama mkwe. Wangu alikuwa hana mpango wa kuaibika. Asubuhi mtori wa ndizi na nyama wenye mafuta yanayoelea juu, mchana kiburu, yaani ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja vikapondwa, jioni maziwa mgando. Kiburu chake kilijulikana mpaka ng'ambo ya mto. Maharage yake hayakuhitaji meno. Siri ilikuwa magadi, yale mawe meupe ya chumvichumvi yanayotoka nyika, akina mama wanayauza sokoni kwa kifungu. Aliyavunja kwa shoka la kuni, akayaloweka kwenye kibuyu, akamwagia maji yake chunguni huku amefumba macho kama anayesali. Nilishika mimba kabla hata ya kutoka ndani, na hapo akaongeza chungu.

Masika yalipoisha nilianza kujaa. Viatu vya harusi vilikataa. Pete ilizama. Jumapili moja wanawake wa kanisa walikuja kunitazama, wakajipanga kwenye benchi, na sifa walizonimwagia sijapata tena maishani. “Mama Zakaria, huyu umemlisha!” “Tazama miguu, mgomba wenyewe!” “Mimi mkwe wangu anakula kama kuku, sijui niombe dawa wapi.” Shangazi mmoja aliinama akaniminya muundi wa mguu kwa kidole gumba, akacheka, “Nyama laini hiyo, nyama ya ndama.” Alipoondoa kidole, pale alipominya pakabaki shimo. Wote walilicheka lile shimo. Mama mkwe alisimama mlangoni na sufuria ya chai, uso wake umeng'aa, sijapata kumwona mtu ana furaha ile. Mimi nililitazama shimo lile nikakumbuka uso wangu wa utotoni na gauni la Jumapili. Lilichelewa sana kujaa. Wageni walikuwa wamehamia kwenye habari za mahari ya mtu mwingine, nalo bado lipo.

Elieshi hakucheka. Walipoondoka alifunga mlango wa chumba, akaniminya mguu wa pili, akangoja. “Wifi, hii si nyama,” alisema. “Hii ni maji.” Nikamwambia yote, upele, mkojo, daktari wa mikono baridi, maneno ya mama siku ya kusukwa. Alikasirika mpaka akasimama juu ya kitanda. “Na ulikuwa unangoja nini? Nije kuimba kwenye mazishi yako? Sauti yenyewe sina!” Kesho yake alimwambia mama yake kwamba ananipeleka kununua uzi, akanipeleka zahanati.

Pale zahanati alikuwapo dresa, ndivyo tulivyowaita wale waganga wa serikali waliokuwa chini ya daktari, mtu wa mbali, mpole, mwenye kikohozi. Alichukua mkojo wangu kwenye kichupa kirefu cha kioo akaushikilia juu ya taa ya spiriti. Ulipochemka, juu yake pakaganda utando mweupe, kama ute wa yai unavyogeuka kwenye kikaango. Sijawahi kusahau. Nilikuwa nimebeba yai tumboni, na lingine linaivia mbele yangu kwenye kioo. Akanifunga mkono kwa kile kitambaa cha kupima, akakijaza upepo, akapima tena upande wa pili, akakohoa. “Ulipokuwa mdogo ulipata kuvimba?” aliuliza. Nikamtazama Elieshi. “Ndiyo,” nikasema. Akaweka kalamu chini. Akasema figo zilizowahi kuumia ni kama mpagazi aliyewahi kuvunjika mgongo, anatembea vizuri mpaka siku ya mzigo mkubwa, na mimba ni mzigo mkubwa. Nisile chumvi. Nisifanye kazi. Nikiona vimulimuli mchana, au kichwa kikiniuma kama kinapasuka, tusingoje gari wala mwanamume, niletwe hata kwa kubebwa, kwa sababu hapo tunaoweza kufa ni mimi na mtoto wote wawili.

Sasa, sikiliza jinsi watu wanaopendana wanavyoweza kuuana. Elieshi alimwambia mama yake la chumvi. La utoto wangu hakusema, wala lile la kufa wote wawili. Alisema tu, “Dresa anasema mtoto hataki chumvi.” Mama mkwe hakubisha hata kidogo. Alikuwa mtu wa kutii akielewa jambo ni la mjukuu. Alichukua kopo la chumvi akalihamishia kwa jirani, ili mkono wake usije ukasahau. Chungu changu akakitenga, akafunga kitambaa chekundu kwenye mpini wa mwiko wake. Halafu akanitazama nikila kile chakula cha kwanza kisicho na chumvi, nikimeza kama ninameza pamba, na roho ikamuuma. “Hii ni adhabu,” alisema. “Mwanangu hawezi kula adhabu. Ngoja.” Kuanzia siku hiyo akaongeza magadi. Jiwe lililokuwa la chungu cha nyumba nzima likawa la chungu changu peke yangu. Chakula kikapata ladha tena, nikala, nikamshukuru. Magadi kwetu si chumvi. Chumvi inatoka dukani kwa Mhindi, magadi yanatoka ardhini. Chumvi unaionjea, magadi unalainishia. Ungemwambia mtu yeyote wa mlimani aache chumvi, angeacha chumvi, na dhamiri yake ikawa safi kabisa.

Nikazidi kujaa. Nilipolala upande mmoja, asubuhi uso ulikuwa umehamia upande huo. Tuliporudi kwa dresa, ule utando kwenye kioo ulikuwa mzito zaidi, kichupa karibu chote kimeganda. Akatutazama kwa hasira ya mtu mpole. “Mnakula chumvi.”

“Hatuli,” Elieshi akasema.

“Dada, usinidanganye. Mkojo hausemi uongo.”

“Bwana dresa, nyumbani kwetu chumvi imehama! Imekwenda kwa jirani! Njoo upekue, na kuku uwafunue mbawa!”

Dresa hakucheka. Alisema sasa jambo limemzidi, niende hospitali kubwa Moshi, na nisikawie. Tulipofika nyumbani mama mkwe alisikia neno lori, gari pekee la siku za kazi, akashika kichwa: mwenye mimba atarushwa kwenye lori la mkaa mpaka mjini? Zakaria si anakuja Jumamosi? Angoje aje ampeleke mwenyewe kwa heshima. Tukangoja Jumamosi. Ilikuwa wakati wa kuchuma kahawa, ule wa baridi, ukungu unashuka mpaka unaingia jikoni na kukaa na ng'ombe. Wote walikuwa shambani, nawasikia wakiongea ndani ya ukungu bila kuwaona, ndoo zinagongana, mtu anamtania mwenzake kwamba anachuma mbichi. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Kichwa kilianza kuuma nyuma ya macho. Halafu ule ukungu mweupe ukaanza kutoa cheche, kama mtu ananoa panga upande wa pili. Nikafikiri, leo ni Ijumaa. Hilo ndilo wazo langu la mwisho la siku ile, kwamba leo bado ni Ijumaa.

Mengine nimeyapata kwa Elieshi. Kwamba nilianguka nikakakamaa, nikajiuma ulimi, povu likatoka na damu. Kwamba shangazi yule wa kidole gumba alisema ni pepo, na Elieshi akamwambia kama ni pepo basi amfuate yeye barabarani, akang'oa mlango wa zizi wakanilaza juu yake. Wanaume wanne walinishusha mpaka barabara kubwa, mama mkwe anakimbia pembeni peku akinishikilia kichwa, na lori lile lile la mkaa ndilo lililonipeleka Moshi.

Nilipozinduka nilikuwa chumba cheupe chenye harufu ya dawa ya sakafu, ulimi umejaa mdomo, tumbo limelala. Elieshi alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda. Nikauliza kwa macho, maana mdomo ulikataa.

“Alikuwa wa kiume,” akasema. Mimi nilisikia lile “alikuwa” likizunguka chumba kizima kama nzi. Zakaria alikuja akasimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi. Alisema, “Pole,” na akashindwa kuondoka, mpaka muuguzi akamsukuma.

Mama mkwe alifika baadaye. Alikuwa amelala kwa watu wa Rau, pembeni ya mji, ameomba mafiga ya wenyewe, amenipikia. Alikifungua kile chungu kidogo kando ya kitanda changu, na harufu ya kiburu ikajaza wodi, wagonjwa wakageuza shingo. Ikatokea daktari anapita, Mzungu kijana mwenye haraka. Akasimama. Akauliza kupitia kwa muuguzi ni nini hicho, na kama kina chumvi.

“Hata chembe,” mama mkwe akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akanyoosha mgongo. “Mwambie sijamtilia huyu mtoto chumvi tangu dresa alipokataza. Hata kidole.”

Muuguzi alikuwa msichana wa Kibosho, mtu wa mlimani kama sisi. Aliyaponda maharage kwa kijiko, yakayeyuka. “Na maharage yamelainika hivi kwa kitu gani, mama?”

“Magadi, mwanangu. Kwenu hamtii?”

Yule msichana akaweka kijiko chini. Aliyaelewa majibu yale kabla hajayatafsiri, niliona uso wake. Alipoyatafsiri, daktari alifunika chungu kwa mkono wake mwenyewe, akamwita Elieshi nje, na mlango wa wodi ukawa unachezacheza. Elieshi aliporudi alikuwa amekunja mdomo, yeye wa maneno yote yale.

“Amesema nini?” mama mkwe akauliza.

“Amesema apumzike. Ale cha hapa kwanza.”

“Elieshi. Amesema nini?”

“Amesema ni kazi ya Mungu, mama.”

Hakuna daktari anayesema hivyo, na mama mkwe hakuwa mjinga. Alikitazama kile chungu muda mrefu. Akakifunga, akakiinua, akatoka nacho.

Daktari wa sasa, msichana umri wa mjukuu wangu, ananiambia si magadi peke yake. Kovu lilikuwapo tangu upele ule, mimba ilikuja juu yake, na magadi, ambayo kwa figo ni chumvi ile ile, ni kama mtu kumpanda punda aliyekwisha kulemewa. Ananiambia mtoto aliyewahi kuugua figo asiachwe hata akionekana mzima. Apimwe damu inavyosukuma na mkojo kila mwaka, mpaka uzee. Mimi nilijifunza hilo kwa kupoteza. Baadaye nilizaa binti mmoja, nimelazwa hospitali karibu mimba nzima, na daktari akasema basi, tukasikia. Tangu hapo presha imekaa nami kama mpangaji asiyehama. Miaka mingine inanipa macho ya ukungu, miaka mingine miguu, na kila mtu akiniambia, “Bibi umenawiri,” nashika kwanza vifundo vya miguu yangu. Sijawahi kuisikia sifa hiyo kwa amani.

Lakini nilikuwa nasema habari za kurudi. Walinirudisha mlimani kahawa imekwisha kuchumwa, nimebaki mifupa. Wanawake wa kanisa walikuja, wakakaa benchi lile lile, hawakujua waniambie nini sasa kwa kuwa nimekonda. Walipoondoka mama mkwe aliingia chumbani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana aliheshimu chumba cha mwanawe. Mkononi ana jani la sale, lile refu tunalopanda mipakani. Kwetu mtu akikuletea sale amekuja kuomba msamaha, na huwezi kumkataa, hata kama amemwaga damu. Mkwe anampelekea mama mkwe. Sijawahi kuona wala kusikia likienda upande ule mwingine. Elieshi aliyekuwa ananikanda miguu akasimama. “Mama, hapana. Huyu alikuwa mgonjwa tangu utotoni, kwao walificha, na mimi nilijua.”

“Nimesikia,” mama mkwe akasema, na hata hakumgeukia. Alipiga magoti, mtu mzima vile, akaniwekea jani mapajani.

Nililipokea kwa mikono miwili. Hatukulia, nje ng'ombe alikuwa analilia majani. Na jambo hilo halikutajwa tena katika nyumba ile. Ila kuanzia jioni hiyo kulikuwa na chungu kimoja tu. Maharage yalichemka tangu asubuhi kwa maji matupu, kuni zikiisha anaongeza, na yakiiva bado yalikuwa magumu, yanagonga meno. Mama mkwe alijipakulia kutoka humo humo, akakaa karibu nami akatafuna. Alikuwa mzima wa afya, hana ugonjwa wowote, na hakuna aliyemwagiza. Alikula hivyo mpaka alipokufa.